Mgeni wa bara akizidiwa na joto la Mombasa, msimcheke (uzi mrefu)

Mwashi_wa_Kuze (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Nina jambo limenikaa kifuani tangu Machi. Mimi ni fundi mwashi, mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, na miaka kumi na tisa nimefanya na kusimamia kazi za mjengo kisiwani, Nyali na Kisauni. Muda wote huo nilikuwa na dhana ambayo naona wengi wetu wa pwani tunayo: kwamba joto ni letu, tumezaliwa nalo, na mtu wa bara akilalamika basi ni deko. Dhana hiyo nusura inipotezee shemeji.

Shemeji yangu ni mtu wa Ol Kalou, Nyandarua, huko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi ikizidi umande huganda na kuunguza majani ya viazi shambani. Kijana wa miaka ishirini na sita, mzima, amebeba magunia tangu udogoni. Alishuka treni Miritini Jumapili jioni. Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa mjengoni, karai begani.

Siku ya kwanza alifanya kazi kutuzidi sote. Jioni alipovua shati lake la buluu niliona kitu ambacho sikukipa uzito: mgongoni pote palikuwa na ramani nyeupe, chumvi tupu, imekauka mpaka shati limekakamaa kama turubai. Kijana wa Mtopanga aliyefanya naye kazi bega kwa bega shati lake lililowa vilevile, lakini halikuwa na weupe ule. Siku ya pili shemeji hakula mchana, alisema moyo wamchafuka. Siku ya tatu tulikuwa tunamwaga slabu, na slabu ikishaanza haisimami. Mwenye kandarasi alikuwa chini akipiga kelele kwamba watu wa bara wavivu. Kama saa nane mchana shemeji akaanza kumjibu mtu asiyekuwepo. Alikuwa akizungumza Kikuyu na mamake. Nilipomgusa, ngozi yake ilikuwa ya moto kama sufuria, na jasho bado linamtoka.

Hilo la jasho nalisema makusudi, kwa sababu wengi tumeambiwa aliyepigwa na joto hukauka. Mzee anayezidiwa akiwa amekaa ndani mara nyingi hukauka kweli. Lakini anayezidiwa akiwa kazini anaweza kuwa anatiririka na huku joto la mwili limeshapita digrii 40. Dalili ya kushika ni akili. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuyumba, kusema yasiyoeleweka, hapo si uchovu tena, ni kiharusi cha joto, na kinaua.

Aliyemwokoa ni mama anayetuuzia chakula pale mjengoni. Tulimshusha kivulini, mama akammwagia ndoo nzima ya maji, akalowesha leso zake mbili akamfunika, akatuma mtoto dukani kwa barafu tukamweka shingoni, kwapani na kinenani, na vijana wawili wakawa wanampepea kwa vipande vya katoni. Mimi nilikuwa nimeshaita tuktuk, nataka tukimbie. Mama akanikatalia: "Mpoze kwanza, hospitali haihami." Daktari aliyempokea alituambia dakika zile ndizo zilizomrudisha.

Tangu hapo nimesoma na kuuliza kila ninayemjua, na nililolipata ni hili: mwili hujifunza joto, na masomo yenyewe huchukua wiki moja hadi mbili. Mgeni moyo wake hupiga mbio kwa kazi ndogo, jasho lake huchelewa kuanza, na likianza hubeba chumvi nyingi. Siku zikienda, maji ya damu huongezeka, moyo hutulia, jasho hutoka mapema na kwa wingi, na mwili huanza kuibana chumvi yake. Ile ramani nyeupe kwenye shati ilikuwa barua, na sikuisoma.

Idara ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 katika wiki ya kwanza. Ndiyo maana wao hushauri mfanyakazi mgeni siku ya kwanza afanye asilimia 20 tu ya kazi ya joto, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Sisi huku tunampa mgeni karai siku ya kwanza ili tumpime uanaume.

Na masomo hayo husahaulika. Ukikaa mahali pa baridi wiki moja yanaanza kupungua, mwezi mmoja umerudi karibu ulipoanzia. Kwa hivyo hata sisi wa Kuze tukienda Nairobi kwa harusi na matanga tukakaa mwezi mzima, tukirudi kwenye kaskazi tunarudi wageni.

Naomba walioishi kwenye joto la namna nyingine waseme lilivyo huko na watu hulikabili vipi. Nataka kujifunza kabla kaskazi haijarudi Disemba.

Upepo_wa_Lodwar

Pole sana kwa shemeji, Mwashi, na hongera kwa huyo mama.

Mimi ni Mturkana wa Lodwar. Kwetu digrii 36 au 37 mchana ni siku ya kawaida, hatuizungumzii. Nilipokuja Mombasa kusoma niliambiwa Machi huku ni 32, nikafurahi, nikasema naenda kupumzika. Usiku wa kwanza Tudor sikulala. Nilifungua dirisha, nikafungua mlango, nikalala sakafuni, na bado shuka lilikuwa limenigandia kama plasta.

Baadaye nikaelewa kwamba nambari ya joto haisemi kitu ukiisoma peke yake. Jasho linalodondoka chini halikupozi. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Lodwar hewa ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Mombasa hewa imeshashiba maji ya bahari, haina nafasi ya jasho lako. Watu wa hali ya hewa wa Marekani wana jedwali lao: digrii 32 zikiwa na unyevu wa asilimia 70, mwili unahisi kama 41. Ndilo fukuto lenyewe mnalolisema.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, tazama mtungi wa udongo. Mtungi hutoa jasho kama mtu: maji hupenya kwenye udongo, hukaukia nje, na ya ndani hupoa. Kwetu maji ya mtungi mchana yanashtua meno. Niliuweka mtungi uleule chumbani kwangu Tudor mwezi wa tatu, ukawa umelowa tu nje, sakafu chepechepe, na maji ndani yana uvuguvugu.

Lakini msidhani joto kavu ni salama. Hatari yake ni kwamba hulisikii. Mtu anapoteza maji kimya kimya, hana hata shati bichi la kumwonya. Wachungaji wetu hutembea alfajiri na jioni, na jua likiwa kali wako chini ya mgunga. Na feni kwetu si dawa kila saa: hewa ikipita digrii 40, feni inakupulizia moto. Huku Mombasa panka inasaidia hata usiku wa Machi kwa sababu hewa bado ni baridi kuliko ngozi.

Kijana_wa_Majengo

Naheshimu mliyosema lakini naona mnatutisha. Babu yangu alichoma chokaa na kubeba boriti bandarini, hana feni, hana barafu, na alifika miaka themanini na tano. Watu wa zamani hawakusoma jedwali la mtu. Pwani ni joto, na joto ni la Mungu.

Mwashi_wa_Kuze

Ndugu yangu wa Majengo, nashukuru umemtaja babu, kwa sababu na mimi nataka kumtaja nyanya.

Nyumba ya nyanya yangu Kuze kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Nikiwa mdogo nilikuwa naweza kulala mzima ndani ya shubaka la dirisha. Dari ni boriti za mkoko, na iko juu. Nje kuna kichochoro chembamba ambacho jua hukigusa saa chache tu, kwa hivyo ukuta haupigwi mchana kutwa. Dirisha la chini lina mbao za kuinua, la juu liko wazi, hewa ya moto yapanda inatoka. Saa saba mchana ukitoka barabarani ukaingia kwenye daka lake unahisi umepakwa maji usoni. Alikuwa akinyunyiza maji uani kabla ya adhuhuri, anafunga upande wa jua, na akishaswali hakuna mtu wa kusumbua mtu mpaka alasiri. Duka la marehemu ami yangu pale chini lilikuwa likifungwa saa hizohizo. Kazi nzito ilifanywa alfajiri. Jioni watu barazani na kahawa chungu wakingoja upepo wa bahari.

Babu yako alibeba boriti, ndiyo, lakini niambie alianza saa ngapi na alipumzika saa ngapi, na alilala kwenye nyumba gani. Nina hakika hakuamka saa kumi na mbili akamwaga slabu mpaka saa kumi jioni, kisha akalale kwenye chumba cha bloku za inchi sita na mabati yasiyo na dari, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Hivyo ndivyo vibarua wangu wanavyolala Kisauni na Bombolulu. Na ni sisi mafundi tunaovijenga vyumba hivyo, mimi mmoja wao. Nimevijenga vingi.

Wazee wetu walikuwa na nguvu, lakini pia walikuwa na ukuta mnene, ratiba na kivuli. Sisi tumebakisha maneno ya nguvu, vile vingine tumeviuza.

Shangazi_Leicester

Wanangu, someni na ya huku. Mimi ni wa Likoni, niko Uingereza tangu 2009, nalea wazee katika nyumba ya kutunzia.

Mwaka wa kwanza niliposikia watu wanalia joto kwa digrii 28 nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikucheki tena. Tarehe 19 Julai 2022 nchi hii ilifika digrii 40.3, kule Coningsby. Siku ile niliiona mwenyewe kazini. Nyumba za huku zimejengwa kuzuia joto lisitoke: ukuta umejazwa sufi ndani, dirisha ni vioo viwili, kapeti sakafuni. Nyumba kama hiyo ni rehema Januari. Julai ni chupa ya chai. Madirisha mengi hufunguka kiasi cha kiganja tu kwa sababu za usalama, na vifunika-dirisha vya nje kama vya Uhispania na Italia huku hakuna. Vipoza hewa majumbani ni vichache.

Halafu jua la huku, siku zile, linakaa angani zaidi ya saa 16. Nyumbani Mombasa jua likizama saa kumi na mbili na nusu, unajua umepona, walau limeondoka. Huku saa tatu usiku bado linapiga ukuta wa magharibi. Na wiki mbili kabla walikuwa wamevaa sweta. Mwili umejifunza saa ngapi? Mombasa joto hupanda polepole, Oktoba, Novemba, Disemba, mpaka Machi mmeshazoea. Hawa linawaangukia kwa siku tatu.

Kuna bibi mmoja nilikuwa namhudumia, wa miaka tisini na kitu. Siku ile nilimkuta amekaa kitini na kadigani ya sufi, vifungo vyote vimefungwa, uso mwekundu. Nikamwuliza, mama, una kiu? Akasema hana. Na alisema kweli yake, kwa sababu uzee hupunguza kiu, na dawa za presha alizokuwa akinywa zinakutoa maji. Nilimvua ile kadigani, nikamwekea miguu kwenye beseni la maji, nikalowesha kitambaa nikakipitisha mikononi na shingoni kama mamangu alivyokuwa akinifanyia nikiwa na homa. Nikampa maji kidogo kidogo kila robo saa. Wenzangu waliniuliza nimejifunza chuo gani.

Mnakumbuka Ufaransa Agosti 2003? Walikufa watu karibu 15,000, wengi wao wazee waliokuwa peke yao vyumbani. Hapo ndipo nisemapo, Mwashi, usisahau kuta za nyanya yako, lakini usisahau pia kwamba nyanya yako alikuwa na watu. Kulikuwa na mtu wa kumpelekea maji bila kungoja aseme ana kiu.

Kibarua_Doha

Nimekaa Qatar miaka sita, kazi za nje. Huko kuna kavu na kuna mbichi. Juni upepo ni mkavu, unachoma kope. Agosti unyevu wa bahari unaingia, ukitoka kwenye gari lenye eisi miwani yapiga ukungu papo hapo, na hata usiku huoni nafuu. Mimi mtu wa Changamwe nilidhani nimefika nyumbani. Si kweli. Ni Machi ya Mombasa iliyoongezwa digrii kumi.

Sheria yao tangu 2021: kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri ni marufuku kufanya kazi nje juani. Na kuna kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kwa pamoja. Kikipita digrii 32.1, kazi inasimama saa yoyote ile, hata kama ni jioni. Sisemi kila tajiri alifuata, wa kwangu mmoja hakufuata. Lakini sheria ikiwepo, kibarua ana cha kushika mkononi. Kenya sijaona saa za kufunga kazi kwa ajili ya jua.

Nyongeza kuhusu kunywa. Usingoje kiu: kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, na usipitishe lita 1.4 kwa saa. Maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo yanaangusha mtu, nimeona kwa macho. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu. Kwa hivyo dafu pamoja na chakula chenye chumvi. Mhogo wa kukaanga na chumvi na pilipili, mambo ya Mama Ngina, hapo wazee walikuwa na akili.

Mama_Nasra

Mimi sina mjengo, nina chumba kimoja Mshomoroni, mabati, na mtoto wa miezi saba. Machi alitoka harara shingo nzima, analia usiku kucha. Nimesoma kote nikingoja mtu aseme la mabati. Mwashi, nifanye nini ambacho si kuhama?

Mwashi_wa_Kuze

Mama Nasra, swali lako ndilo lililoninyima usingizi kuliko yote hapa.

Cha kwanza, rangi nyeupe juu ya bati. Ahmedabad, India, mji wenye joto kali, walianza mpango wao wa joto mwaka 2013, na tangu 2017 wamekuwa wakipaka paa za nyumba za watu wa kipato cha chini chokaa na rangi nyeupe. Bati lenye kutu jeusi hulimeza jua. Jeupe hulirudisha. Chokaa peke yake kwenye bati huambuka mvua ikinyesha, kwa hivyo bati lisuguliwe kutu kwanza, kisha tafuta rangi nyeupe ya mabati, mikono miwili.

Cha pili, dari. Hata makuti yaliyofumwa vizuri yakining'inizwa chini ya bati, yakiachwa na nafasi ya futi moja hewa ipite, hutenganisha kichwa cha mtoto na bati. Jiko lako liwe mbali nayo, tafadhali. Cha tatu, mwulize mwenye nyumba kama anaruhusu tutoboe tundu mbili juu, upande wa bahari na upande wa pili. Joto hukaa juu, lipewe mlango.

Usiku mtoto avae pamba nyepesi au nepi peke yake, usimpake mafuta mazito kwenye harara, mwogeshe maji ya kawaida na umkaushe vizuri mikunjo. Akilegea, akikataa kunyonya, au nepi ikikaa kavu muda mrefu, usingoje asubuhi.

Nitumie ujumbe. Nina rangi imebaki kwenye kazi ya Nyali na vijana wawili Jumamosi hawana kazi. Kwa mwenye nyumba nitazungumza mimi.

Kijana_wa_Majengo

Nimempigia mamangu kumwuliza habari za babu. Anasema alikuwa akitoka baada ya swala ya alfajiri na saa tano yuko nyumbani amelala kwenye mkeka. Jioni ndiyo alirudi. Nimefahamu. Jumamosi Mshomoroni mnakutana wapi? Nina brashi.

Upepo_wa_Lodwar

Na shemeji yuko vipi sasa? Hukutuambia.

Mwashi_wa_Kuze

Yupo kwangu, alhamdulillahi. Daktari alimkataza jua kwa mwezi mzima, na baada ya hapo nilimwanzisha taratibu: siku ya kwanza kazi ya muda wa saa moja na nusu tu, asubuhi, nikamtoa. Kesho yake muda wa saa tatu. Ya tatu muda wa saa tano. Mwenye kandarasi hakupenda, nikamwambia malipo ya saa zilizobaki akate kwangu.

Masika imeshaingia, kwa hivyo siwezi kusema ameyashinda mapambano ya Machi. Disemba tutaanza upya, yeye na kila mgeni atakayekuja. Lakini jana jioni alivua lile shati la buluu akalitundika kwenye kamba, nikaenda nikaligeuza nitazame mgongo. Lilikuwa limelowa chapachapa. Leo asubuhi limekauka, na weupe ni mstari mwembamba tu karibu na ukosi.